Pai za Lozi

Mgeni aliipasua pai katikati kwa vidole gumba, akaisogeza karibu na macho kama mtu anayesoma maandishi madogo, kisha akaanza kuichimbua kwa ncha ya uma. Mvuke ukapanda ukamfunika miwani. Akaivua, akaifuta kwa tai yake, akaendelea kutafuta. Ndani mlikuwa na matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa juani, yakiwa yamepondwa pamoja na karanga na iliki. Alionja, akatafuna, akachimbua tena, akaonja tena, hadi sahani ikabaki na vumbi la ganda tu.

“Samahani, bi mkubwa,” alisema hatimaye. “Lozi ziko wapi?”

Nyuma ya kabati la kioo, mama mwenye duka alidhani anaulizwa habari zake mwenyewe.

“Lozi ndiyo mimi,” akajibu. “Kalibu, baba. Kuna tatizo?”

Duka zima lilicheka. Mama mmoja mchuuzi wa dagaa, aliyekuwa akisubiri skonzi zake, alishika ukingo wa meza asije akaanguka. Mgeni naye, alipotambua kilichotokea, alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. Aliyebaki bila kucheka ni Awuor peke yake, binti wa mwisho wa mwenye duka, aliyekuwa pembeni akifunga mikate kwenye magazeti. Alihisi masikio yakimwaka moto. Hakuhitaji kutoka nje kulitazama bango lililokuwa juu ya mlango. Alilijua tangu utotoni: MIKATE NA PAI ZA LOZI, kwa rangi nyekundu juu ya ubao mweupe.

Mgeni alijitambulisha kuwa ni Mhina, mtu wa Tanga, aliyeletwa Mwanza kusimamia hoteli mpya kando ya ziwa. Kwao, alieleza, lozi ni lozi: punje tamu za kwenye halua na za kwenye sahani ya harusi. Alikuwa amepita barabarani akaona bango, akasema leo nimefika nyumbani.

“Lakini pai ni nzuri,” alisema. “Nimeila yote huku nikitafuta kisichokuwamo. Ningependa kuzichukua kila asubuhi kwa ajili ya hoteli, trei kadhaa, za samaki na hizi za viazi. Ila jina, bi mkubwa. Mgeni akisoma lozi kwenye menyu yangu atataka azione. Nami nitamwambia nini? Kwamba lozi ni jina la mpishi?” Akamgeukia Awuor, kwa kuwa alikuwa ameona vitabu vyake juu ya kaunta. “Bila shaka lilikusudiwa kuwa Rose?”

“Ndiyo,” Awuor alijibu haraka. “Ni Rose. Lilikuwa kosa la mchoraji.”

Halikuwa kosa la mchoraji.

Masalu, fundi wa kuandika mabango pale Kirumba, alikuwa amemuuliza mteja wake aandike nini, na mteja wake akamjibu. Mama alikuwa Msukuma, na katika kinywa chake herufi r haikuwahi kupata mahali pa kukaa. Masalu, aliyezaliwa Magu, hakusikia kasoro yoyote. Aliandika alichoambiwa, akalipwa kwa skonzi na chai, akaenda zake akiwa ameridhika.

Wakati huo duka lilikuwa jipya, lakini kazi yenyewe ilikuwa na umri mkubwa kuliko Awuor. Katika miaka ile ambayo unga na sukari vilikuwa vitu vya kupangiwa foleni, mama alioka mikate ya muhogo na mtama uani kwake, ndani ya sufuria, makaa chini na makaa mengine juu ya mfuniko. Majirani walikuja na vikombe vyao vya chai ya rangi, wakasimama kulizunguka jiko kana kwamba kuna anayehutubia. Mume wake, Jairo Odoyo, Mjaluo wa Shirati na fundi wa bati, alipoona mke wake anaungua vidole kila siku, alichukua pipa la mafuta, akalilaza, akalikata mlango, akalitia sakafu ya vyuma ndani. Hilo ndilo lililokuwa tanuri la kwanza. Pai zilifuata baadaye. Usichanani mama aliwahi kufanya kazi katika jiko la masista wa misheni, na huko alijifunza kukanda ganda jembamba na kulijaza matunda ya Kizungu. Kwa kuwa Usukumani hakuna tufaha, alitia matobolwa. Hakuna aliyelalamika.

Kisha zikaja siku za ruksa. Unga wa ngano ukarudi madukani, kila mwenye meza akaigeuza genge, na viwanda vya minofu ya sangara vikafunguliwa ufukweni, vikiajiri watu ambao saa nne asubuhi walitaka kitu cha kutia tumboni. Mama akabuni pai ya samaki. Ooko, kifungua mimba wake, alipooa akafungua duka la pili Pasiansi. Mke wake, Adoyo, akafungua la tatu Buswelu, kule ambako mji ulikuwa unaanza kupanda kuingia mashambani. Mabango yote matatu yaliandikwa na Masalu, na yote yalisema neno lilelile. Watu wakaacha kabisa kusema pai. “Nipe lozi mbili,” walisema. “Lozi ya samaki, lozi ya viazi, na mkate nusu.” Watoto wa Pasiansi walikua wakiamini kwamba lozi ni kitu cha kuuma, chenye ganda na mvuke.

Awuor mwenyewe aliamini hivyo hadi alipofika Chuo Kikuu, Mlimani. Huko, msichana mmoja wa Unguja aliyelala naye chumba kimoja alifungua kopo na kumkaribisha punje za kahawia. Awuor aliuliza ni nini. Alipoambiwa, alitafuna polepole, na kwa mshangao akasimulia habari za duka la mama yake. Alijuta kabla hajamaliza. Kwa muhula mzima waliitana ukumbini kumwona Bi Lozi, mtoto wa pai za lozi zisizo na lozi. Ulikuwa utani wa wasichana, hauna sumu. Hata hivyo, kuanzia hapo kila alipofikiria bango la nyumbani alikunja vidole vya miguu ndani ya viatu.

Alihitimu mwaka ambao serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi. Wenzake wengi walibaki Dar es Salaam wakizunguka na bahasha za khaki. Awuor alirudi nyumbani, na hakurudi kwa unyonge. Alikuwa na imani kubwa, ile ambayo mtu huwa nayo akiwa bado hajachoka, kwamba duka la mikate linaweza kuwafaa watu kama inavyowafaa shule au zahanati. Alitaka wasichana waliomaliza darasa la saba wafundishwe kazi humo. Zaidi ya yote alitaka duka la nne lifunguliwe Nansio. Watu wa Ukerewe walikuwa wakinunua pai Mwanza, wakizivusha kwa meli ndani ya vikapu, na zilifika kisiwani zimepoa na kupondeka. Mama naye alikuwa akiitaja Nansio kwa miaka mingi, jinsi mtu anavyomtaja ndugu ambaye hajaenda kumsalimia.

Sasa hoteli ingewezesha hilo.

Jumapili iliyofuata walikutana nyumbani kwa Ooko kwa ugali na sato. Awuor alieleza yote mezani. Ooko alimsikiliza huku akichambua miiba.

“Hoteli ikichukua trei kila asubuhi,” alisema, “Nansio tunajenga tanuri la matofali. Hakuna kubangaiza.”

“Sharti lao ni jina tu,” Awuor alisema. “Tena ni jina lake halali. Tunarekebisha, hatubadilishi.”

Jairo alinawa mkono, akaukung’uta. Kama vile mke wake alivyokosa r, yeye hakuwa na sh wala z. Ooko alipenda kusema kwamba ukiwachanganya wazazi wao unapata Kiswahili kimoja kizima.

“Mimi sida yangu ni moja,” mzee alisema. “Mimi nilioa Losi. Huyo Rose simjui, na mahari yake sijalipa.”

Wote walicheka, mama kuliko wote. “Acha utani, baba Ooko. Mtoto amesoma. Hata kwenye kadi ya ubatizo padli aliandika hivyohivyo. Kama ndivyo linavyoandikwa, basi liandikwe.”

Alisema hivyo huku akikusanya sahani, na Awuor akamshika bega kwa furaha. Hakumtazama usoni. Hakuona sababu ya kumtazama.

Masalu alikuja na makopo yake. Aliandika ROSE kwa herufi zenye mikia, akaongeza na ua jekundu bila kuombwa. Bwana Mhina alifika kuliangalia, akasema sasa tunaelewana. Kisha akaleta habari nyingine. Jumamosi ya mwisho wa mwezi hoteli ingefungua baraza lake la ufukweni, na angependa mama aje mwenyewe, asimame kando ya meza yake ya pai, awakaribishe wageni na kuwaambia jina lake na namna anavyooka.

“Wageni hupenda kumwona mpishi,” alisema.

“Tutakuja,” Awuor akajibu kwa niaba ya mama.

Wateja wa Kirumba ndio walioanza kusumbua. Yule mama wa dagaa alisimama barabarani na beseni kichwani, akasoma silabi kwa silabi.

“Ro-se. Rose ndiye nani? Jamani, mmeuza duka?”

Mwenzake akadakia: “Siku hizi kila kitu kinauzwa. Mwekezaji wa wapi huyo, mama Lozi?”

“Pole, dada,” akaongeza wa tatu kwa huruma ya kweli. “Afadhali wamekuachia kazi.”

Awuor alitoka nje kueleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, hadi akajisikia kama mwalimu wa zamu. Wateja walitikisa vichwa, wakaingia, wakanunua, wakatoka wakinong’ona kwamba hata binti ameambiwa aseme hivyo.

Alisubiri mama awajibu. Kwa kawaida mtu akimrushia mama neno moja lilirudi likiwa na watoto. Kijana akidai skonzi imekuwa ndogo, mama alimuuliza kama yeye mwenyewe amekua. Safari hii mama alitabasamu tu, akaelekeza kabati la kioo kwa kidole. Siku ile ikapita hivyo, na zilizofuata pia. Awuor alidhani ni uchovu. Lakini alikuwa mtu wa kusikiliza, na polepole alianza kusikia kitu cha ajabu. Mtu alipoingia, mama hakusema tena “kalibu.” Alisema “njoo.” Hakuuliza habari za nyumbani, aliuliza “salama?” Mteja alipotaka kujua kama chai ina sukari, mama alisema “ni tamu.” Kulikuwa na kitu kilichokuwa kikipungua katika duka lile, na wateja walikihisi bila kukijua. Waliokuwa wakikaa kwenye benchi hadi chai ipoe sasa walifungiwa vyao, wakaondoka.

Alasiri ya Jumatano, siku chache kabla ya sherehe ya hoteli, Awuor alirudi kutoka sokoni na karai la vitunguu. Tanuri lilikuwa linapoa, wafanyakazi walikuwa wamekwenda kula. Kabla hajaufikia mlango wa nyuma alisikia sauti ya mama ndani, ikienda sambamba na mdundo wa donge mezani.

“Kal… kalr… kalibuni. Mimi naitwa Lo…” Donge likapigwa. “Naitwa Ulo… Lro…”

Alikuwa kama mtu anayejaribu kuwasha kiberiti kilicholowana. Alisugua, akasugua, akapumzika, akaanza upya. Mikono yake ilikanda bila kukosea. Ulimi tu ndio uliogonga ukuta uleule kila mara. Aliponyamaza, Awuor aliona kwa nyuma jinsi mabega yake yalivyopanda na kushuka, kisha akakaza kitambaa kichwani na kuanza tena, kwa bidii ileile ya mwanafunzi asiyetaka kufeli.

Karai lilimponyoka Awuor. Vitunguu vikatawanyika hadi miguuni kwa mama.

“Ulikuwa hapo muda gani?” mama aliuliza.

“Mama, unafanya nini?”

“Nafanya mazoezi.” Alicheka kidogo, akainama kuokota kitunguu. “Ulimi umezeeka, mwanangu. Haukunjiki. Na Jumamosi wataniuliza jina. Nikisema nilivyozoea, watatazama ubao, watanitazama mimi, watacheka. Wewe ndiye utakayeaibika.”

“Hakuna atakayecheka.”

“Wewe ulikuwa umekunja uso siku ile mgeni alipokuja,” mama alisema, bila lawama, kana kwamba anamkumbusha alipoacha kandambili zake.

Awuor alikaa juu ya gunia la unga. Mama aliendelea kukanda, na maneno yakatoka yakifuata mikono.

“Nilipokuwa dalasa la tatu mwalimu alinisimamisha mbele. Akasema hukai mpaka uliseme jina lako sawasawa. Nikasema. Wakacheka. Nikasema tena. Kengele ikalia nimesimama palepale. Kesho yake sikwenda, na kesho yake tena. Usilie, mimi mwenyewe sikulia. Nilikwenda jikoni kwa masista. Kule hakuna aliyetaka kusikia jina langu, walitaka mikate iive.” Akaligeuza donge. “Basi, jina langu lilikuwa la watu wengine. Padli analo, kadi inalo, mwalimu analo. Mimi nilikuwa naliazima tu, tena vibaya. Siku Masalu alipomaliza ubao ule, nilivuka balabala nikasimama ng’ambo. Nilikuwa nimejifunza kusoma kidogo, elimu ya watu wazima. Nikasoma kwa sauti. Lo. Zi. Ulimi ukapita bila kugonga kitu. Watu wakadhani natazama dilisha langu la duka. Nilikuwa natazama jina langu, mala ya kwanza.”

Nje, mtu alipita akiendesha mkokoteni wa barafu ya samaki. Magurudumu yalilia mpaka yakapotelea upande wa mwalo wa samaki.

“Kwa nini hukusema ile Jumapili?” Awuor aliuliza.

“Ulikuwa na fulaha mno. Na Nansio naitaka.” Mama akapangusa jasho kwa kiwiko. “Niokotee vitunguu.”

Awuor aliviokota kimoja kimoja, akiwa amepiga magoti kwenye sakafu yenye unga. Alikuwa amesoma kwa miaka mitatu juu ya watu kama mama yake. Alikuwa ameandika insha juu yao, insha nzuri, yenye huruma nyingi, ambayo ilipata alama ya juu. Sasa alijaribu kukumbuka ni mara ngapi katika maisha yake alimsikia mama akilitaja jina lake mwenyewe kwa sauti ya furaha, na kila mara aliyokumbuka ilikuwa chini ya ubao ule.

Asubuhi alikwenda hotelini kwa miguu. Bwana Mhina alikuwa barazani, akielekeza viti vipangwe kutazama maji. Ziwa lilikuwa tulivu, na mawe makubwa ya ufukweni yalikuwa yamekaa juu ya mawe mengine kama yalivyokaa siku zote, bila kuanguka.

“Shikamoo.”

“Marahaba, binti. Kuna heri?”

“Nilikwambia lilikuwa kosa la mchoraji,” Awuor alisema. “Haikuwa kweli. Mama anaitwa Lozi. Ndivyo anavyojiita, ndivyo anavyoitwa na baba, na ndivyo pai zinavyoitwa hapa mjini. Ninarudisha ubao wa zamani.”

Mhina aliketi, akamwonyesha kiti. “Binti yangu, mimi nimelelewa na bibi aliyenichapa kwa neno moja lililopinda. Kiswahili ni kama nguo nyeupe. Ukiacha doa moja, ndilo linaloonekana.”

“Na neno lozi kwenu lilitoka wapi?”

“Wanasema ni la Kiarabu.”

“Mwarabu akikusikia unavyolitamka, ataona umelipinda kidogo au umelipinda sana?”

Mhina alimtazama, kisha akaanza kucheka kwa kifua, kicheko kilekile cha siku ya kwanza. “Kumbe hata mimi nina doa! Umenipata.” Lakini akatikisa kichwa. “Hata hivyo menyu ni menyu. Mgeni wangu analala usiku mmoja, hana muda wa hadithi ya mama yako. Akitaka lozi akakosa, atasema hoteli inadanganya. Sitaweza kuziandika humo, wala kuziwekea meza Jumamosi.”

“Nimeelewa.”

“Subiri, usiondoke na uso huo. Wafanyakazi wangu hunywa chai saa nne. Wote ni watu wa hapahapa. Tangu niwaletee zile pai za kuonja, wananisumbua: lozi zimeisha lini, lozi zinakuja lini. Mletee mpishi wangu trei moja kila siku, ya jikoni. Huko nyuma wataziita wanavyopenda.”

Trei moja haikujenga tanuri la matofali. Ooko alipoambiwa alisema, “Yaani umeturudisha kwenye pipa.” Awuor alikubali kwamba ndivyo. Hakujitetea. Alimweleza kaka yake alichokisikia jikoni, maneno machache tu. Ooko akauliza kama kuna mtu anayejua pipa zuri linapatikana wapi.

“Pipa muniachie mimi,” alisema Jairo, ambaye hakuna aliyejua kama alikuwa akisikiliza. “Matofali yanapasuka. Pipa halijawahi kumpasukia mtu.”

Masalu alikuja na makopo kwa mara nyingine, akanung’unika tangu alipoegemeza ngazi hadi aliposhuka. “Mkibadili mawazo tena nitawaletea chaki mwandike wenyewe.” Ua alikataa kulifuta. Alisema limetoka vizuri kupita yote aliyowahi kuchora, na likabaki hapo pembeni ya jina ambalo halikulihusu.

Mama wa dagaa ndiye aliyefika wa kwanza. “Heee! Mmekombolewa?”

“Kalibu, kalibu ndani!” Sauti ya mama ilitoka hadi barabarani. “Mwekezaji nimemfukuza. Alikuwa hajui kukanda, na dagaa wako aliwaita takataka.”

“Aliniita mimi takataka?”

“Dagaa wako. Wewe alikuita bibi.”

Benchi likajaa.

Wakaenda Nansio mwanzoni mwa mwaka, mama na Awuor, na Jairo akiwa amekalia pipa lake kwenye sitaha ya mizigo kama mtu anayesindikiza ng’ombe wa mahari. Chumba walichopanga kilikuwa kidogo, jirani na soko, na mlango wake ulikataa kufunga. Siku mbili walipaka chokaa na kusafisha masizi. Masalu alikuwa hajafika. Ubao mtupu ulisimamishwa kando ya mlango, mbao mpya, bado ukinuka utomvu, na wapita njia waliutazama wakaingia hata hivyo kwa sababu ya harufu.

Trei ya kwanza ilitoka asubuhi, ikiwa imeungua upande mmoja. Jairo alilitazama pipa kwa jicho kali, akaligeuza kidogo kuufuata upepo wa ziwani. Ya pili ilitoka na rangi ya udongo uliopata mvua. Mzee mmoja aliyekuwa anapeleka machungwa sokoni alitua kikapu chake mlangoni.

“Shikamoo, mzee,” Awuor alisema.

“Marahaba. Hicho kinachonukia, nipe nikione.”

Alipewa pai ya viazi juu ya kipande cha gazeti. Aliila amesimama, polepole, macho ameyaelekeza majini. Akamaliza, akalamba kidole gumba, akalikunja gazeti vizuri kana kwamba atalirudisha.

“Sijawahi kula kitu hiki,” alisema. “Kinaitwaje?”

Awuor alikuwa ameshafungua kinywa. Jibu lilikuwa tayari, na maelezo yake yote nyuma yake, ya kwao Kirumba, ya Tanga na ya Uarabuni. Akakifunga. Akasogea pembeni ya kaunta ili mzee aweze kuona hadi ndani, alikokuwa mama amesimama na unga mpaka viwikoni.

“Muulize mwenyewe,” alisema.

Mama alipangusa mikono kwenye khanga, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Alimtazama mzee, akavuta pumzi, na kabla ya kujibu akacheka kwanza.